Dohani ya Nyumba ya Mawe

Hagsätra, Stockholm
Jumapili jioni, mwezi wa saba

Kaka yangu mpendwa Eliakim,

Kamwene, kaka. Nimeanza na salamu ya nyumbani kwa sababu Baba ameketi hapa ubavuni mwangu na amekataa nisianze na nyingine. Nakusalimu wewe, wifi Flaviana na watoto wote, pamoja na majirani wa pande zote mbili za uzio. Mguu wako unaendeleaje? Nilisikia kwa Kamila, Mtanzania mwenzangu wa huku, kwamba pikipiki ilikuangusha na kwamba ulikataza nisiambiwe. Usiudharau, hasa katika baridi hii ya Julai, maana najua Mafinga ilivyo wakati huu, asubuhi majani ni meupe na maji ya ndoo yanauma vidole. Kwetu hapa ni kiangazi. Jua likizama linazama kama mtu aliyesahau kitu ndani. Halijafika mbali, linageuka na kurudi.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Bonaventure bado yuko na kampuni yake ya ujenzi, naye anakusalimu kwa Kiswahili chake cha Bukavu ambacho wewe hukicheka. Mpwa wako Gaëlle amefunga shule, amerefuka kunipita, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Baba anakula vizuri. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha niandike.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kila tukifika kwa Baba mtandao unakatika, na sote wawili tunajua kosa si la mtandao. Barua nitampa Kamila anayekuja likizo Iringa, akukabidhi mkononi. Naomba uisome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Nilipomleta Baba mwezi wa nne nilidhani madaktari wa huku watakuwa na dawa. Walimpima, wakaniambia kwa upole kwamba ni ugonjwa wa kusahau, kwamba utakwenda naye polepole, na kwamba kilichobaki ni kumtuliza. Hilo la kumtuliza ndilo lililotushinda. Ghorofani hapa alikuwa kama ndege aliyeingia chumbani kwa bahati mbaya. Asubuhi alivaa kofia yake akasimama mlangoni, akisema amechelewa kazini. Siku moja nilikuwa naoga, akatoka. Alipatikana kwenye kituo cha treni akiwauliza wasafiri, kwa Kihehe, njia ya kwenda kiwandani. Watu walimpisha kwa adabu na kupanda treni zao. Aliyemrudisha ni mama mmoja Mrundi anayeitwa Belyse, ambaye alisikia katikati ya maneno yake neno moja la Kiswahili, “nyumbani”, akamshika mkono.

Baada ya siku ile tukaamua kumhamishia kwenye nyumba ya mawe.

Nyumba hiyo si yetu. Ni ya Bi Ingegerd, mwalimu aliyenifundisha Kiswidi nilipokuja, ambaye sasa ni mkongwe na anaishi katika makao ya wazee. Alitupa funguo akasema nyumba isiyo na watu hufa, basi tukaishi humo kila tukipata nafasi. Iko kando ya ziwa Mälaren. Ukishuka kwenye treni Fittja unachukua basi, kisha unatembea ndani ya msitu wa misonobari mpaka uone maji. Zamani ilikuwa karakana ya mhunzi. Kuta zake ni za mawe, nene kiasi kwamba unaweza kuketi ndani ya dirisha, paa ni la vigae, na katikati ya paa limesimama bomba la moshi la matofali, pana kama kabati. Vitabuni wanaliita dohani. Baba analiita chimni, kama walivyoliita kwenye mashamba ya chai.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha. Asubuhi nilimkuta Baba amesimama mbele ya mahali pa kuotea moto, kiganja chake kimelala ukutani, kama unavyomgusa mtoto paji la uso kujua kama ana homa. Ukutani palikuwa na doa la rangi ya chai lililoshuka kutoka darini, na maji yalidondoka jivuni, tone, kimya, tone. Aligeuka, akanitazama kwa macho niliyokuwa sijayaona tangu aje, macho ya mtu aliyeko.

Akasema, “Chimni hii inavuja. Nani ana zamu ya nyumba hii?”

Nikamjibu kwamba ni yeye.

Kaka, kazi ya Baba ya uashi kwenye mashamba ya chai unaijua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyempelekea chakula kwenye nyumba za mameneja, ukamsubiri chini akiwa juu ya paa na mwiko wake. Mimi nilizaliwa baadaye, nikazikuta hadithi tu. Lakini tangu asubuhi ile nilimwona yule baba wa hadithi. Aliacha kutafuta mlango. Aliamka, akanawa, akatoka nje kuitazama dohani, akiinamisha kichwa huku na huku. Wakati ule ukungu hupanda kutoka ziwani na kuingia kati ya miti, na yeye aliusalimia kama jirani. Aliniambia kwamba chai haitachumwa mpaka uinuke. Sikumwambia tena kwamba ile ni Sweden. Mwanzoni nilimwambia, kisha nikaacha, kwa sababu kila nilipomwambia alisikitika upya.

Bonaventure akachukua likizo. Kwanza alikuja mkaguzi wa dohani, ambaye huku wanamwita sotare, amevaa nguo nyeusi na kofia, naye akakataza tusiwashe moto hata mara moja mpaka pale juu patengenezwe. Baba alimpenda sana, akamwagiza amsalimie meneja. Bonaventure akafunga jukwaa la mabomba kuizunguka nyumba, akapanda, akaanza kutuambia anachokiona. Bati linaloziba mahali ambapo dohani inatokeza kwenye paa lilikuwa limeoza na kuwa kama karatasi. Matofali ya juu yalijengwa kwa chokaa tangu zamani, lakini fundi fulani alikuja baadaye akayapaka saruji, saruji ikapasuka, na nyuma yake maji yakajificha na kuganda kila msimu wa baridi, yakisukuma. Na ndani kabisa palikuwa na viota vya ndege, vijiti juu ya vijiti, makapi ya miaka mingi. Makinda yalikuwa yamesharuka, kwa hiyo tuliviondoa bila dhambi. Vilijaza mikokoteni.

Wakafanya kazi ile pamoja, Baba na shemeji yako, na mimi nikiwa na mapumziko ya kazi yangu ya hospitali nikabeba nilichoambiwa nibebe. Baba alikaa kwenye kiti chini ya mti, akichekecha mchanga na kukoroga chokaa, maana mikono yake haijasahau lolote. Bonaventure alikuwa juu, akiyatoa matofali mabovu na kuyashusha kwa ndoo. Mara Baba alimwita Januari, mara alimwita kwa majina ya wenzake wengine ambao nadhani wote wamekwisha kufa, na shemeji yako aliitikia kila jina. Nilimsikia akiita kutoka juu, “Papa, bati iko tayari, niweke sasa?” Na Baba akimjibu kwamba asiweke kabla hajamaliza kukwangua, maana meneja huyu ana macho. Nilimwuliza Bonaventure jioni kama hachoki kuwa watu wengi hivyo. Akaniambia kwamba kwao walipokimbia vita waliacha wazee bila kuwaaga, na kwamba yeye hajapata baba wa kumwita kazini tangu awe na ndevu. Kisha akageuka akaendelea kunawa.

Gaëlle naye alikuja siku za mwisho wa wiki. Baba anamsemesha Kihehe, yeye anamjibu Kiswidi, na sijui wanaelewana vipi, lakini nimewakuta wakibishana kuhusu ukubwa wa samaki na kila mmoja anajua hoja ya mwenzake.

Nisikufiche, kaka, hata mimi nilianza kupotea. Siku za huku ni ndefu mno wakati huu. Unalala kuna mwanga, unaamka kuna mwanga, hujui kama ni jana inaendelea. Harufu ya chokaa mbichi, ukungu, sauti ya mwiko juu ya tofali, na sauti ya Baba ikitoa amri ile ya upole, vilinipeleka mahali ambapo sikuwahi kufika, kabla ya kuzaliwa kwangu. Nilikuwa nikiinua macho kutoka kwenye sufuria na kutegemea kumwona Mama akija na kuni kati ya misonobari. Sikushtuka kwamba hakuja. Niliona tu kwamba bado yuko njiani.

Kazi ilikwisha Ijumaa ya wiki kabla ya hii. Mkaguzi akarudi, akachungulia, akatia saini, akampa Baba mkono. Jumamosi mchana mvua kubwa ikaja juu ya ziwa, na Bonaventure na Gaëlle walikuwa wamekwenda Fittja kununua unga na nyama ya sherehe. Tulibaki wawili. Baba akasema sasa ndipo tutajua. Akapanga kuni kwa mkono wake, akawasha kwa kiberiti kimoja, moshi ukasitasita kidogo, ukaikumbuka njia, ukapanda. Tukaketi mbele ya moto tukisikiliza. Mvua ilikuwa inapiga vigae kama watu wengi wanaotembea. Ukuta ulikaa mkavu. Tulisubiri tone, halikuja.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Baba alinyoosha miguu yake kwenye moto, akaniangalia. Akasema, “Mama Eliakim, nimemaliza.”

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuja mbio, “Mtoto anaendeleaje?”

Kaka, jina la dada yetu Getrude halijatamkwa nyumbani kwetu kwa miaka yote ya maisha yangu. Ninachokijua nilikipata kwako na kwa mama wadogo: kwamba alikuwa hajatimiza mwaka, kwamba kichomi kilimkamata wakati wa mvua, kwamba Mama alikutuma wewe, mtoto wa darasa la pili, ukimbie kumwita Baba kwenye nyumba ya meneja ambako dohani ilikuwa inavuja na wageni walikuwa njiani. Na kwamba Baba alikuja jioni, na Getrude alikuwa amekwisha kufungwa kanga. Najua pia kwamba mimi nilipozaliwa mwaka uliofuata Mama aliniita Vumilia, na kila mtu alielewa jina lile alikuwa anaambiwa nani. Na kwamba tangu siku ile Mama hakumwita tena Baba Eliakim. Alimpikia, alimfulia, alimuuguza, akamwita “mzee” mpaka alipokufa.

Akaniangalia usoni, na nikaona jibu linamrudia mwenyewe, polepole, kama maji yanavyopenya. Akasema, “Ahaa. Najua. Najua amekwisha.”

Kisha akaanza kusema, na sikumkatiza. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana nilijua tangu neno la kwanza kwamba ni mali yako.

Alisema, “Usimuulize Eliakim tena. Mtoto alinieleza vizuri. Alisimama pale chini kwenye mvua akasema, Baba, Mama anasema Getrude hawezi kupumua, njoo sasa hivi. Nikamwambia nakuja. Akasema tena. Akasema mara ya tatu, analia. Nilisikia zote. Chokaa ilikuwa mbichi, nikasema ngoja nifunge hapa kwanza, mvua isiingie kwa watu. Mtoto hana kosa, Mama Eliakim. Nilisikia.”

Siku ya matanga ya Mama, nyuma ya jiko, wewe uliniambia jambo ambalo nadhani hujamwambia hata wifi. Uliniambia kwamba usiku ule Mama alikushika mabega akakuuliza, “Ulimwambiaje baba yako? Ulimwambiaje?” na kwamba tangu hapo hujui kama ulisema vizuri. Ulisema labda ulisema “Mama anakuita” tu. Labda mvua ilikuwa na kelele, labda uliogopa meneja ukasema kwa sauti ndogo. Ulisema unayakumbuka matope, unaukumbuka mwiko, lakini maneno yako huyakumbuki. Nami nilikuwa na lipi la kukuambia? Sikuwepo.

Sasa umesikia kutoka kwa aliyekuwepo. Ulisema vizuri. Ulisema mara tatu.

Bado kuna langu, na hili ndilo ninaloogopa. Baada ya maneno yale Baba aliinama, akauliza, “Unaniambiaje?” Akanitazama akingoja. Alikuwa anamwuliza Mama. Mimi nilijua kwamba ningesema “Baba, mimi ni Vumilia, Mama alifariki,” ningekuwa nimesema kweli, naye angeondoka bila jibu, na labda asingefika tena pale mlangoni na swali lile mkononi.

Kwa hiyo nilimjibu. Nilimwambia, “Baba Eliakim, umechelewa. Lakini umefika. Kaa uote moto.”

Sikusema kwamba amesamehewa. Neno lile lilikuja mpaka mdomoni nikalirudisha, kwa kuwa sikujua kama Mama alikuwa nalo. Lakini nilimwita kwa jina ambalo Mama alilificha, na nililitamka kwa sauti ya Mama, kaka, sijui niliitoa wapi. Baba alishusha pumzi. Akalia kidogo bila kelele, akajifuta kwa ile kofia, akalala palepale kwenye kiti huku mvua ikiendelea. Bonaventure na Gaëlle waliporudi walitembea kwa vidole.

Kesho yake aliamka akaniita Vumilia. Akauliza nyumba ile ni ya nani na lini tutakwenda kwetu. Tangu siku hiyo hajaniita kwa jina la Mama, wala hajasimama mlangoni na kofia kusema amechelewa. Sijui ni ugonjwa unaosonga mbele au ni kitu kingine. Leo mchana tumerudi huku Hagsätra, na sasa yuko hapa anamenya chungwa, analigawa vipande, anauliza kipande chako akiweke wapi.

Nimewaza sana kama nilikuwa na haki. Kama nilimwibia Mama kitu alichoamua kukaa nacho mpaka kaburini, basi nimekiiba, na wewe uliyekaa naye miaka ile yote ndiye wa kuniambia. Uniambie hata kwa ukali. Lakini nisingeweza kukuficha, maana nusu ya kile kilichosemwa mbele ya moto ule kilikuwa chako, na hakikukufikia kwa miaka hamsini kasoro.

Ruhusa yake ya kukaa huku inakwisha mwezi ujao. Nitamleta mwenyewe. Tutashuka Dar es Salaam, tutapumzika siku mbili kwa binti wa mama mdogo, kisha tutapanda basi la asubuhi hadi Mafinga. Kule kwake peke yake hawezi kukaa tena. Aliwahi kusahau sufuria motoni, jirani akamwokoa, na safari nyingine jirani anaweza asiwepo. Najua tangu tumzike Mama hujaikanyaga nyumba yake, na sikuombi uamue lolote kwa barua. Ninachoomba ni uje stendi. Ukisimama tu pale, utakuwa umenisaidia.

Atashuka polepole, akitafuta ngazi kwa mguu. Mshike mkono wa kushoto, wa kulia hapendi kushikwa. Anaweza asikutambue kwa sababu anakutafuta ukiwa mdogo. Ukimwambia jina lako, mpe muda.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Wasalimie watoto, na mchungaji, na bibi wa pale kona anayeniuliziaga. Bonaventure anasema mguu usiukande kwa maji ya moto mno. Gaëlle anasema “hej, morbror,” yaani anakusalimu mjomba wake, na nimemlazimisha aandike mwenyewe neno moja la Kiswahili chini ya sahihi yangu. Mungu awalinde hapo mlipo mpaka tutakapoonana uso kwa uso.

Mdogo wako akupendaye,

Vumilia

Shikamoo. Gaëlle